Amana ya Sekeni

Sekeni alinipa dola kumi za Singapore asubuhi ya kushuka kwangu melini, tukiwa juu ya ngazi, boti ya wakala ikigongagonga ubavuni. Noti ilikunjwa mara nne na ilinuka dizeli kama kila kitu chake. Akaniambia kwa Kiingereza chetu cha melini, kile kisichojali sarufi: ukifika mjini nenda kwa Mazu, Telok Ayer. Washa udi, vijiti vitatu. Mwambie asante, kwa niaba yangu.

Nikapokea. Kwetu Tanga ukishakipokea kitu mkononi umekuwa mdaiwa, huwezi tena kuanza kuuliza masharti, sembuse ukiwa katikati ya ngazi na begi mgongoni na watu wanakufokea ushuke upesi. Boti ilishapita meli kama ishirini zilizotia nanga ndipo akili iliponirudia: mimi, mtoto wa mwalimu wa madrasa, nimebeba sadaka ya kumpelekea mungu wa kike wa bahari wa Wachina.

Melini watu hawana majina. Kuna Nahodha, kuna Chifu, kuna Sekeni, kuna Bosun, kuna Kuki. Mimi nilikuwa Oila, yule anayezunguka chini mashineni na tochi na kitambaa, anasoma geji, anafuta, anatia mafuta, anachurisha matanki, anaandika daftarini. Sekeni ni injinia wa pili, na mashine hasa ni zake, maana Chifu, yaani injinia mkuu, anamalizwa na makaratasi. Huyu wangu alikuwa mtu wa Changle, mkoa wa Fujian, rika la baba yangu mdogo, mfupi, mchache wa maneno. Tulishika zamu moja, saa kumi mpaka saa mbili, alfajiri na jioni, miezi minane.

Wiki ya kwanza nilimuudhi. Ilikuwa Jumapili, siku maafisa na mabaharia tunakula pamoja sitahani, na Kuki alikuwa amekaanga samaki mzima. Nikala upande wa juu, nikamgeuza nile wa chini, kama tunavyokula wote. Sekeni akanishika mkono. Samaki hageuzwi, ukimgeuza samaki umeipindua meli. Akaushika uti wa mgongo kwa vijiti vyake, akaunyanyua wote kuanzia kichwani kama anayemvua mtoto shati, nyama ya chini ikabaki kwenye sahani haijaguswa. Nilicheka. Usiku nikamkumbuka marehemu babu, ambaye hakuruhusu mtu apige mluzi ndani ya ngalawa yake, na mimi sikuwahi kumcheka.

Sasa nieleze ile asante ilikuwa ya nini, maana hapo pana aibu yangu.

Ilikuwa Julai, kusi imeshika. Tulipakia jasi Salalah, Oman, tunakwenda Vietnam. Kutoka Salalah bahari ilitupiga siku tano mfululizo, meli inalala kulia, inalala kushoto, huwezi kulala bila kujikinga na mto ubavuni. Sasa, kazi mojawapo ya oila ni kuchurisha tanki la mafuta yanayotumika. Chini ya tanki kuna valvu ndogo. Ukiifungua hutoka kwanza maji na matope yaliyotuama, na unaiacha wazi mpaka yaje mafuta safi. Bahari ikiwa shwari, kazi ni ya dakika moja. Meli ikiyumba siku tano, kila kilichotuama kinakorogeka, na hapo uchurishe kwa muda mrefu, tena mara kwa mara. Mimi alfajiri ile nilifungua valvu kwa muda wa kusema bismillahi, nikaifunga, nikaandika daftarini kwamba nimechurisha. Nilikuwa nimechoka. Kila aliyewahi kuandika uongo wa namna ile daftarini alikuwa amechoka.

Jioni ya siku hiyo, kabla tu ya saa kumi na mbili, jenereta ikaanza kukohoa. Taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena, zikazima. Injini kuu ikafuata. Chini mashineni kelele ni kama ukuta ulioegemea miezi yote bila kujua kuwa umeuegemea, na ukuta ule ulianguka mara moja. Nikaanza kusikia vitu nilivyokuwa sijawahi kuvisikia kule: maji yakipiga bamba la ubavu, spana ikibingirika sakafuni, mimi mwenyewe nikihema. Jenereta ya dharura, iliyo juu sitahani, kisheria ina sekunde 45 kuwaka yenyewe. Nilizihesabu. Nilifika 31, taa chache zikawaka.

Tulikuwa kusini ya Dondra, ncha ya mwisho ya Sri Lanka. Meli karibu zote zitokazo Suez na Ghuba kwenda mashariki hupinda pale, zimepangana kwa mistari ya kwenda na kurudi kama malori ya Chalinze. Meli yetu ikageuka yenyewe ikapakana na mawimbi ubavu kwa ubavu, ikaanza kulala kiasi kwamba ulitembea nusu sakafuni, nusu ukutani. Huko juu wakawasha taa mbili nyekundu, moja juu ya nyingine, alama ya meli isiyojiweza. Sekeni akafungua kichungi cha mafuta. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kizito kama tope la mikokoni. Akakitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena. Kisha akaanza kuosha. Mikono ilizama kwenye dizeli mpaka viwiko; kila anapokirudisha kichungi kinaziba, anakitoa tena, mimi namshikia tochi na tochi inatetemeka. Mwishowe akabadilisha mafuta yatoke tanki jingine, akapuliza hewa kwenye mabomba, jenereta ikashika. Dakika 52 tangu taa zizime.

Chifu alipouliza sababu, Sekeni akajibu: bahari mbaya, matanki yamekorogeka. Haukuwa uongo. Haukuwa pia ukweli wote, na yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Juu ya meza ya chumba cha kuongozea mashine, kati ya kalenda na ratiba ya mafuta, alikuwa amebandika kipicha cha plastiki cha mwanamke aliyevaa taji lenye shanga zinazoning'inia usoni. Usiku ule alikiwekea chungwa. Akaniambia kwamba ni Mazu aliyetuvusha. Nilitaka kumwambia kuwa ni mikono yake iliyotuvusha, na kwamba si bahari iliyotuzimia taa, ni mimi. Sikusema chochote. Zikabaki siku chache za kufika Singapore, ambako tungetia mafuta na mimi ningemaliza mkataba.

Katika zamu za siku hizo ndipo aliponisimulia habari za huyo bibi. Alizaliwa mwaka 960 katika kisiwa cha Meizhou, pwani ya kwao Fujian, ukoo wa Lin. Hakulia alipozaliwa, wakamwita Moniang, binti kimya. Siku moja alikuwa anafuma nguo, na watu wa kwao wako baharini, dhoruba imewakuta. Akapitiwa na kitu kama usingizi, roho ikatoka ikaenda kuwashika kule kule majini. Mama yake akaona binti kasinzia juu ya kazi, akamtikisa. Alipoamka mmoja akamponyoka, akazama. Alifariki mwaka 987, hajafika hata miaka thelathini, na tangu hapo mabaharia wanamwita. Wafalme wa China wakampandisha cheo baada ya cheo mpaka akawa Malkia wa Mbinguni. Lakini Sekeni alinionya: ukiwa unazama usimwite Malkia. Ukimwita kwa cheo, lazima kwanza avae mavazi ya kifalme, na wewe utakuwa umekwisha. Mwite Mazu tu, yaani kama kusema mama mkubwa, naye atakuja hivyo hivyo alivyo. Nikamwona akilini mwangu akitoka mbio na kanga ya nyumbani.

Jingine alilonieleza lilinikaa zaidi. Changle kwao kuna jiwe lililoandikwa mwaka 1431 kwa amri ya Zheng He, yule amiri wa majahazi makubwa ya China, kabla hajaanza safari yake ya saba. Ni jiwe la kumshukuru bibi huyu. Linasema kwamba tufani ilipowakuta, taa ya ajabu iliwaka mlingotini na hatari ikatulia. Limeorodhesha na nchi zilizotoa zawadi: Aden ilitoa twiga, na jiwe limemtaja kwa jina la wenyewe, zulafa; Mogadishu ilitoa pundamilia na simba; Barawa ilitoa ngamia na mbuni. Barawa, ambako mpaka leo wapo wanaosema Chimwini, Kiswahili chao! Sekeni akanigonga kifuani kwa kidole: watu wako wamo kwenye jiwe letu. Sikumwambia kuwa kutoka Barawa mpaka Tanga ni mwendo. Mashariki yote ya Afrika kwake ilikuwa kijiji kimoja, kama ambavyo kwangu mimi China yote ilikuwa soko moja.

Na huyo Zheng He alizaliwa katika familia ya Kiislamu, Yunnan. Baba yake akijulikana kwa jina la Haji. Tena ameacha jiwe jingine Sri Lanka, lenye lugha tatu: kwa Kichina linamsifu Buddha, kwa Kitamil linamsifu mungu wa hekalu la Dondra, kwa Kiajemi linamsifu Mwenyezi Mungu. Dondra ile ile tulikozimikiwa. Sijui kama mtu anaweza kumshukuru kila mwenye nyumba namna hiyo bila kumvunjia heshima yeyote kati yao. Alikuwa na majahazi mengi na watu wa kila dini ndani yake. Huenda ni siasa tu. Mimi nilikuwa na noti moja ya dola kumi na ilinishinda.

Boti ilitushusha Marina South. Wakala akatupeleka hoteli ndogo mtaa wa Chinatown, ndege yangu ilikuwa usiku. Nikaoga, nikalala kwa muda wa saa mbili, nikaamka na ile noti mezani inanitazama.

Nilifikiria kumpa omba omba. Nilifikiria kuiweka sanduku la msikiti na kumwambia Sekeni nimefikisha. Mungu ni mmoja, si ndiyo? Hilo lilinivutia zaidi kwa sababu lilivaa nguo ya uchamungu. Lakini ungekuwa uongo wa daftarini kwa mara ya pili, kwa mtu yule yule. Upande mwingine ilikuwepo aya ambayo baba alitusomesha tukiwa wadogo, katika sura ya Al-Ankabut: wanapopanda marikebu humwomba Mwenyezi Mungu kwa moyo safi, naye akishawafikisha nchi kavu, mara wanamshirikisha. Tangu utotoni niliisikia aya ile kama habari za watu wengine. Nikajiona mimi ndiye, nimefika nchi kavu, naulizia njia ya kwenda hekaluni.

Nikaenda. Nilijiambia nitafika, nitatazama, kisha nitajua.

Mtaa wa Telok Ayer ukiupita haraka utaona mikahawa na watu wa ofisini waliovaa vitambulisho shingoni. Jina lenyewe ni la Kimalei, ghuba ya maji, na maji hakuna. Zamani mtaa huu ulikuwa ufukwe kabisa, wahamiaji wakishuka hapo kutoka majahazini. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza wakaanza kuifukia bahari, na kufukia kukaendelea mpaka juzi juzi. Hata Marina South niliposhukia ni ardhi iliyomwagwa baharini. Kwa hiyo hekalu la bibi wa bahari siku hizi linatazamana na minara ya mabenki. Iliniuma kidogo. Ni kama kumhamisha mvuvi Dodoma.

Kabla ya hekalu nikakutana na jengo jeupe lenye viminara vidogo, nikasimama kusoma. Ni Nagore Dargah, ilijengwa kati ya 1828 na 1830 na Waislamu wa Kusini mwa India kwa ajili ya Shahul Hamid, walii wa Nagore. Walii huyo mabaharia wa Kitamil wakimtegemea kuwavusha salama, wakishuka pwani wanatoa shukrani. Na mbele kidogo, mtaa huo huo, kuna msikiti wa Al-Abrar ulioanza mwaka 1827. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa wa watu wenye miguu bado mibichi kwa maji ya chumvi, kila mmoja anamtafuta wa kumwambia kwamba amefika. Mabishano yangu hayakwisha hapo, ila yalipungua sauti.

Hekalu linaitwa Thian Hock Keng, jumba la furaha ya mbinguni. Watu wa Fujian walilijenga kuanzia 1839 hadi 1842, wakiongozwa na tajiri Tan Tock Seng, ambaye jina lake leo lipo kwenye hospitali kubwa ya mji. Sanamu ya Mazu ililetwa kutoka Meizhou mwaka 1840. Mbao zote zimeshikamanishwa kwa kupachikana, bila misumari, na hilo nililisimamia kwa muda mrefu kuliko madhabahu, maana macho ya mashineni hutafuta boliti. Boriti imeingia kwenye boriti, imekaa juu ya kipande kilichochongwa kama ngumi, kipande kimekaa juu ya nguzo ya mawe iliyozungukwa na joka la kuchonga. Uzio wa chuma ulitoka Glasgow. Paa limepinda pembeni kama mkia wa mbayuwayu, na juu kabisa majoka mawili yanagombania lulu.

Mlangoni kuna kizingiti cha juu, hakikanyagwi, kinarukwa. Hilo nilijua. Nikavua viatu, nikavipanga vizuri pembeni, nikaruka na soksi. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia majivu akaniita kwa mkono. Nikadhani ananifukuza. Alikuwa ananionyesha viatu vyangu: vaa. Hapa hawavui. Nikarudi kuvaa mbele ya watalii wawili waliokuwa wanapiga picha, na nadhani nimo ndani ya picha zao, nimechuchumaa mlangoni kwa Malkia wa Mbinguni nikifunga kamba.

Ndani, moshi wa udi ulinipokea na harufu ya Ijumaa nyumbani kwetu, mama akifukiza nguo. Sikuwa nimejiandaa kwa harufu. Mazu amekaa katikati, mbali kidogo, taji na shanga usoni kama kwenye kipicha cha plastiki. Mbele yake wamesimama majemadari wake wawili. Mmoja ameweka kiganja juu ya macho, huyo huona mbali maili elfu. Mwingine ametega sikio, huyo husikia kila kinachobebwa na upepo. Juu kuna ubao wa maneno yaliyotoka kwa Mfalme Guangxu mwaka 1907, yanayosema kuhusu mawimbi kutulia katika bahari ya kusini. Mama mmoja wa makamo alikuwa amepiga magoti akirusha vipande viwili vya mti vyekundu, umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikiangukia tumbo na kingine mgongo, jibu ni ndiyo. Alirusha mara tatu, akaokota, akasimama, akaangalia simu yake, akaondoka. Kazini alikuwa anasubiriwa bila shaka.

Nikamwendea yule mzee wa majivu. Pale kila mtu mzima huitwa anko. Nikamwambia, anko, mimi ni Mwislamu, sitawasha udi, lakini rafiki yangu wa melini amenipa pesa nije nimshukuru Mazu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na changu kilikuwa cha mashineni. Akafikiri nataka kununua kitu. Akanionyesha dukani. Nikajaribu tena, nikakwama, na katika kukwama neno likanitoka kwa Kiswahili: hii ni amana.

Akasimamisha ufagio. "Amanah?" akauliza.

Wazee wengi wa Singapore, hata Wachina, wanakijua Kimalei cha sokoni, na Kimalei kilikwenda kuchota Uarabuni kisima kile kile tulichochota sisi. Amanah. Akaitazama noti, akanitazama, akaegemeza ufagio ukutani. Kuanzia hapo hakunifanya mtalii.

Akaniuliza jina la rafiki. Kumbe huwezi kwenda mbele ya Mazu ukasema tu asante. Lazima useme nani anayeshukuru na anatoka wapi. Nikafungua mdomo. Sekeni, nikasema. Akatikisa kichwa: hicho ni cheo, jina je?

Sikulijua. Miezi minane, zamu mbili kila siku, mtu aliyenifichia kosa ambalo lingenifukuzisha kazi, na sikujua anaitwa nani. Nilikuwa nimewahi kuona jina lake kwenye orodha ya wafanyakazi ukutani kwa herufi za kizungu, nikaliruka kama tunavyoruka majina tusiyoweza kuyatamka. Nikatoa simu, nikamwonyesha anko akaunti yake ya WeChat, yenye herufi za Kichina. Anko akasogeza miwani, akasoma, akacheka mpaka meno ya dhahabu yakaonekana. Halikuwa jina. Sekeni alikuwa amejiandika Mashine Kuukuu.

"Changle," nikasema, nikiona aibu. "Ni mtu wa Changle." Hapo akaitikia, Changle alipajua.

Kisha akaniuliza: asante ya nini? Nikamweleza kwa mikono. Meli, taa, puf. Mawimbi, nikalaza kiganja huku na huku. Dakika 52. Yeye, mikono kwenye mafuta. Anko akauliza, kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, jenereta ilizima kwa nini.

Chifu nilimkwepa, Nahodha nilimkwepa, na nyumbani nilikwisha panga namna ya kuisimulia ile safari nikiwa shujaa mshika tochi. Nikasema: kwa sababu yangu. Sikufanya kazi, nikaandika nimefanya.

Anko hakushangaa hata kidogo. Alisema kitu kama hiki, kwa mchanganyiko wake wa lugha tatu: asante ya rafiki nitaipeleka mimi, hiyo nyingine si ya Mazu, hiyo kamwambie mwenyewe.

Akachukua noti, akaitumbukiza sandukuni mbele yangu nione. Akawasha vijiti vitatu, akasimama karibu na chetezo kikubwa uani, akaviinua usawa wa paji la uso. Nikasimama nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu. Midomo yake ilicheza. Nikalisikia neno Changle, na nafikiri nililisikia Mashine Kuukuu pia, kwa heshima zote. Akavichomeka vijiti kwenye majivu kimoja kimoja, na moshi ukapanda ukakata kona kuelekea mtaani, kuelekea ilikokuwa bahari.

Kama nilikosea kuingia, nilikosea. Baba nilimweleza baadaye, akanyamaza muda mrefu, akauliza tu kama niliwahi adhuhuri. Niliiwahi. Kutoka hekaluni mpaka Al-Abrar ni hatua za kuhesabu, na nilipoketi kuvuta uradi niligundua shati langu linanuka udi wa kule. Mtu wa kushoto wangu alinusa, akanigeukia, akatabasamu. Huenda alidhani ni marashi ya Kiarabu.

Nikiwa uwanja wa ndege nilimtumia Sekeni ujumbe wa sauti. Niliurekodi mara nne. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hilo ndilo nililotaka kumwambia, kwamba aliubeba mzigo wangu nikauona mwepesi. Lakini hilo halitafsiriki kwa Kiingereza cha melini. Nikaishia kusema: anko amewasha vijiti vitatu. Na alfajiri ile tanki sikulichurisha. Ni mimi. Samahani. Nikasahau kumuuliza jina lake.

Ujumbe haukupokelewa, meli ilikwisha kuondoka na baharini mtandao hakuna.

Jibu lilikuja siku tisa baadaye, niko Tanga, nimekaa barazani na mama anachambua mchele kwenye ungo. Sekeni hakutaja tanki. Kwa sauti yake ile ile ya zamu alisema kwamba vichungi vimebadilishwa vyote, na oila mpya anachurisha mpaka anaambiwa basi. Akataja jina lake, polepole, silabi moja moja, mara mbili. Halafu akauliza: mzee alimwambia Mazu jina la meli? Maana mimi bado nimo ndani yake.

Hatukumwambia. Si mimi wala anko, hakuna aliyelikumbuka. Nikamjibu hivyo hivyo. Akarudisha kicheko kifupi na maneno manne: yule wa sikio atasikia.

Nikaweka simu chini. Kusi ilikuwa inavuma kutoka Raskazone, minazi inapiga makofi. Sijui kilichonipata, nikajikuta nimelitamka jina la meli kwa sauti, lote, na bandari ya usajili wake, kama linavyoandikwa nyuma ya tezi.

Mama akasimamisha ungo. "Nani huyo?"

"Meli, mama."

Akanitazama, akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani.

"Haya," akasema. "Ifike salama."